Aliyetoga na Auguze

Ukimuuliza msichana wa Ukunda sikio lake lilitobolewa lini, atakutajia siku, na pengine bei na jina la rafiki aliyemshika mkono. Ukimuuliza lilipona lini, itabidi afikiri. Nimefanya kazi ya uuguzi huku kusini mwa pwani, baina ya Msambweni na Diani, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na karibu vidonda vyote vya kutogwa vilivyopita mikononi mwangu vilikuwa vya watu ambao hawakuelezwa lolote baada ya sindano. Tundu walilipia. Kuuguzwa hakukuwemo katika bei.

Linaniuma hili kwa sababu nililelewa na mtogaji. Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyekuwa akitoga mabinti wa Gazi na vitongoji vyake katika miaka ya 1970. Mama mwenye binti alikuja jioni kuomba siku, na siku ikifika mtoto aliletwa alfajiri, kabla jua halijawa kali, akiwa ameshakunywa uji. Bibi alimlaza kichwa pajani kwa mama yake, akaweka kipande cha muhogo mbichi nyuma ya ndewe. Sindano ilikuwa ya kushonea. Aliipitisha kwenye moto wa koroboi mpaka ncha ikaiva, akaifuta masizi, akatunga uzi wa pamba uliolowa mafuta ya nazi. Mtoto alilia, na kabla hajavuta pumzi ya kulia tena sikio la pili lilikuwa limeshapita uzi. Ulifungwa kitanzi ukaachwa humo. Wiki zikipita, uzi ulitoka ikaingia njiti ya mwarobaini iliyochongwa na kusuguliwa kwa jani la msasa hadi ikateleza. Hereni ilikuja mwisho kabisa.

Hayo ya asubuhi yalikwisha chai haijaiva. Kazi ilianza kesho yake.

Kila siku mtoto aliletwa barazani. Bibi alinawa kwa sabuni ya kipande mpaka kwenye viwiko, akamgeuza sikio lielekee mwanga, akaliangalia kitambo bila kuligusa. Kisha alilinusa. Utotoni nilikuwa nikicheka nikimwona anapeleka pua sikioni mwa watoto wa watu; nilipoingia wodini nikakuta wauguzi wakongwe wanafanya vivyo hivyo, kwa sababu harufu ya kidonda humwambia mjuzi jambo ambalo jicho bado halijaliona. Akisharidhika, alikanda kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi, kwa kitambaa kilichochemshwa na kuanikwa juani, akailainisha ile gaga mpaka ikaachia yenyewe. Hakuibandua kwa kucha. Na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa sikio lile, si mama, si dada, si mtoto mwenyewe.

Siku ya kutoga hakupokea kitu. Ada yake ilikuwa leso na mchele, na ililetwa siku hereni ilipoingia bila damu. Tundu likioza, ada hapana. Nimelifikiria sana jambo hili ukubwani, nikiwa nasafisha masikio ya wasichana waliotobolewa na mtu wasiyemjua jina. Bibi alilipwa kwa kupona, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumkimbilia mtoto mwingine kabla huyu hajapona.

Sisemi turudie kila kitu chake. Sindano moja ilitoga mabinti wengi, na moto wa koroboi hauaminiki kuua kila kilichoshikamana na chuma. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Habari zilipofika Gazi, bibi aliwaambia akina mama kila mmoja aje na sindano yake mpya, ikiwa ndani ya karatasi yake. Hakungoja kuamrishwa. Homa ya ini aina ya B, ambayo kwa njia ya sindano huambukiza kwa wepesi kuliko ukimwi, hakuisikia kamwe. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini mwaka 2001, na wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana kinga hiyo. Fundi wa leo anayeijua kazi yake hufungua pakiti ya sindano mbele ya macho yako na kuitupa akishakutoga wewe, na vifaa vinavyorudiwa huvipika kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Zile bunduki za plastiki za kutobolea za vibandani haziwezi kuingia katika mvuke huo, zitaharibika. Zinafutwa kwa spiriti, kisha anaitwa mteja mwingine.

Kidonda cha kutogwa kina tabia yake. Jeraha la kisu huachwa lijifunge. Hiki cha kutogwa kimezuiliwa kisijifunge, maana katikati kuna chuma. Ngozi hutambaa kutoka mbele na kutoka nyuma, ikielekea ndani, mpaka zikutane na kuuvika ule mwanya ngozi mpya pande zote. Ndiyo maana nje hupona kwanza. Ukuta wa udongo uliokandikwa jana huonekana umekauka, lakini ukiuegemea mkono unazama, na sikio la wiki ya tatu ndivyo lilivyo. Ndewe, ambayo ni ngozi na mafuta tu, huhitaji wiki 6 hadi 8. Ubawa wa pua ni miezi 4 hata 6. Gegedu, ule mfupa laini wa juu ya sikio, huchukua nusu mwaka, na si ajabu mwaka ukatimia. Kitovu nacho ni hivyo hivyo. Wengi wanaokuja na usaha mwezi wa tatu huniambia, "Lakini lilikuwa limepona." Halikuwa limepona.

Binti wa kaka yangu anafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Diani. Alinijia Jumapili moja ya Januari, kaskazi inavuma na joto limekaa, ushungi ameulegeza upande mmoja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona upande huo umeuachia?"

"Sikio linauma likiguswa na nguo."

Nikamwambia aukunjue. Ndewe ilikuwa ya kawaida, haina joto wala uvimbe. Ukingo wa juu ndio uliokuwa umefura, ngozi imevutika mpaka inang'aa, na ile mikunjo ya sikio ambayo kila mtu anayo ilikuwa imepotea. Alitobolewa gegedu kwa bunduki, yapata wiki mbili nyuma, na aliyemtoboa alimwambia aogelee baharini kila siku kwa sababu maji ya chumvi ni dawa. Naye akafuata, kila atokapo zamu akaingia majini.

Hapa kwetu kila mtu ataapa kwamba bahari ni dawa. Mwenye upele huambiwa akaoge baharini, mwenye kidonda cha mguu vivyo hivyo. Naelewa imani hiyo ilikotoka, maana hata bibi alitumia chumvi. Lakini chumvi ya bibi ilikuwa chembe kidogo ndani ya maji yaliyochemka. Lita moja ya maji ya bahari yetu ina chumvi ya gramu 35 hivi. Maji ya chumvi ya hospitali, yale ya dripu ambayo wauguzi huyaita nomo salaini, yana gramu 9 kwa lita, kwa sababu hicho ndicho kiasi kinachokubaliana na damu. Yakizidi hapo huvuta unyevu kutoka katika seli changa za ngozi na kuzikausha. Ndiyo maana bahari inachonyota na maji ya dripu hayachonyoti.

Na chumvi ndiyo iliyo nafuu. Bahari ya joto ina wadudu wake, bakteria wa jamii ya Vibrio, wanaopenda maji ya chumvi ya vuguvugu kama haya yetu na wanaoweza kuingia mwilini kupitia jeraha dogo. Mwenye kisukari au ugonjwa wa ini wanaweza kumlaza kitandani. Mvua zikinyesha, mto Mkurumudzi unateremka na kila ulichokusanya bara ukakimwaga katika ghuba ya Gazi, na maji yanageuka rangi mpaka mikokoni. Nimeogelea katika ghuba ile tangu sijui kusoma, na ninaipenda. Kidonda kibichi sitakipeleka humo.

Gegedu ni sehemu ngumu kuuguza kuliko zote za sikio. Haina mishipa ya damu yake yenyewe. Inalishwa na utando mwembamba unaoifunika. Usaha ukijipenyeza kati ya utando na gegedu, gegedu inakosa chakula na kufa, na ikifa hairudi. Sikio hubaki limekunjamana maisha yote. Mdudu anayefanya hivyo mara nyingi anaitwa Pseudomonas, na makazi yake ni majimaji: sponji mbichi, ndoo, hata chupa ya dawa iliyokaa wazi. Mwaka 2000, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, wateja wa kibanda kimoja waliotobolewa gegedu walianza kuugua, 7 wakathibitishwa kuwa na mdudu huyo, na wachunguzi walipofuatilia wakaikuta chupa ya kunyunyizia dawa ya kuua vijidudu ndiyo iliyokuwa na wadudu ndani yake. Simulizi hiyo niliwahi kuwapa wanafunzi wa uuguzi, na walionekana kutoiamini mpaka nilipowauliza chupa ya spiriti ya nyumbani kwao ilioshwa lini.

Binti alikuwa amekwishanunua amoksilini dukani. Mdudu huyu haijali amoksilini. Nilimpeleka hospitali siku ile ile, sikungoja Jumatatu, na daktari wa zamu akamwandikia siprofloksasini. Chuma kiliachwa mahali pake. Watu wengi, na wahudumu wa afya wamo, hukimbilia kukitoa, na midomo ya tundu ikajifunga usaha ukiwa ndani. Suala la kukitoa au kukiacha aamue daktari aliyeliona sikio lenyewe.

Lilipona, na umbo lake likabaki. Lakini dawa ilifanya sehemu tu ya kazi. Sehemu nyingine ilikuwa ya mikono yetu, na hiyo ndiyo hasa isiyoandikwa kwenye karatasi ya dawa.

Tulianza na ushungi. Sikio la mwanamke wa huku kwetu linapona ndani ya kitambaa, kwenye jasho, na vitambaa vya hariri bandia vinavyouzwa kwa wingi havinyonyi jasho na vinanasa kwenye kichwa cha chuma kila vikivutwa. Nilimpa mitandio ya pamba, akawa anabadilisha kila siku, ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi ya moto. Pini ya kubania tukaihamishia upande wa pili. Akiingia chumbani kwake ushungi unatoka kwanza, sikio lipate hewa. Simu ilihamia sikio jingine. Mto ulibadilishwa foronya kila usiku wa pili na alilalia ubavu mwingine, jambo lililomshinda siku za mwanzo, mpaka mdogo wake anayelala naye chumba kimoja akawa anamgeuza usingizini. Mafuta ya nywele tuliyasimamisha upande ule. Nakiri ninayapenda mafuta ya nazi na bibi aliyatumia kwenye uzi wake, lakini mafuta juu ya kidonda chenye jasho hufungia uchafu ndani.

Kuosha kulikuwa mara mbili kwa siku, na si zaidi. Mikono kwanza, kwa sabuni. Kisha nomo salaini juu ya shashi safi, ibandikwe mbele na nyuma kwa dakika chache mpaka gaga ilainike, kisha ifutwe bila kusugua. Pamba ya kawaida tuliiepuka kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye chuma. Chupa ya maji ya dripu ikishafunguliwa, katika joto la Diani, haifai kuwekwa kwa siku za mbele. Asiyeweza kuinunua achemshe maji, ayaache yapoe yakiwa yamefunikwa, atie robo ya kijiko cha chai cha chumvi safi katika kikombe kimoja. Maji ya kisima hayafai kama yalivyo. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, vyoo viko karibu, na mwamba ule unapitisha kila kitu.

Spiriti, Dettol na haidrojeni peroksaidi nilimnyang'anya. Zinaua vijidudu, ndiyo, na zinaua pia ngozi changa inayojaribu kutambaa. Na ile kanuni ya kuzungusha hereni kila siku "isigande" tuliiacha kabisa. Kila mzunguko unaipasua ile ngozi mpya na kuingiza ndani gaga iliyokauka nje. Ute mweupe unaokauka ukawa gaga ya manjano ni kawaida kwa wiki nyingi. Usaha ni mzito, una rangi ya kijani au manjano iliyokolea, una harufu, na huja pamoja na joto na maumivu yanayozidi siku hadi siku.

Aliniuliza kuhusu udhu, na ni swali la haki kwa mtu anayeswali. Kwa sikio la juu si tabu, maji safi kidogo hayadhuru, na ukifuta kwa uangalifu hukitoneshi kidonda. Pua ni tofauti, maana maji hupandishwa ndani. Nilimuuliza mwalimu wa madrasa yetu, akasema kwa upole kwamba pale ambapo maji yatadhuru jeraha, sheria imeweka wepesi, na mtu asijitese. Nimewapa jibu hilo wasichana wengi tangu hapo, na wengine walikuwa karibu kukitupa kipini kwa hofu ya swala zao.

Katika miaka ya kazi yangu aliwahi kuja kwetu mwanamke mzee wa Kimakonde kutoka upande wa Makongeni, amekuja kwa sababu ya presha. Watu wa Kwale wanawajua Wamakonde: wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya Ramisi, wakazaa na kujukuu hapa bila vitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipotembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia, na mwaka uliofuata serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la Kenya. Mama huyu alikuwa na tundu katika mdomo wa juu. Ndona, ule mti wa mviringo waliouvaa wanawake wa Kimakonde wa zamani, alikuwa ameshauacha miaka mingi, na tundu limenywea likabaki kama kishimo. Nilimwomba ruhusa niliangalie. Ngozi ya ndani ilikuwa laini, nzima, haina kovu hata la kushika kwa kidole.

Nikamuuliza walifanyaje. Alinieleza kwamba alitogwa akiwa msichana na nyanya yake, kijiti cha kwanza kilikuwa chembamba, na hakuongezewa kingine mpaka nyanya mwenyewe alipopima na kusema mdomo umekubali. Ikawa miezi, kisha miezi mingine. Alipoolewa ndona ilikuwa bado ndogo. Aliniambia wasichana waliojiongezea wenyewe kwa haraka midomo ilipasuka. Wajukuu zake hawavai ndona na hawatavaa, na sidhani kama yeye alilisikitikia hilo. Alichokisisitiza, akikigonga kiti kwa kidole, ni kwamba nyanya ndiye aliyesema lini. Wamasai wanaouza shanga ufuoni Diani, wenye ndewe zilizovutwa mpaka zikaning'inia, nao ukikaa nao watakusimulia habari ya vijiti vya kuongezewa taratibu na ya mkubwa anayepima. Kazi hizi zilikuwa na mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu chuma nina maneno machache. Kaunti yetu ilichimbwa mchanga wa titani kwa zaidi ya miaka 10, kule Maumba na Nguluku. Kampuni ya Base Titanium ilianza uzalishaji mwaka 2013 na kumaliza uchimbaji Desemba 2024. Sehemu kubwa ya madini ya titani duniani huishia kwenye rangi nyeupe za kupaka, lakini chuma chake ndicho kizuri kuliko vyote kukiweka katika kidonda kibichi, kwa sababu mwili haugombani nacho. Hereni za bei ya chini zina nikeli, na nikeli huwasha ngozi za watu wengi mpaka zitoe maji. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la kuibana nikeli katika vyuma vya kutogea tangu mwaka 1994. Msichana anayenunua hereni kituo cha magari Ukunda hana agizo la kumlinda, kwa hiyo namwambia: titani ukiipata, au dhahabu ya kweli ya karati 14 kwenda juu, na vikishindikana vyote subiri uwe na fedha. Cha kwanza kiwe na shina refu kidogo, maana sikio litavimba, na uvimbe ukishuka kibadilishwe kiwe kifupi.

Kitovu ndicho kinachonichosha zaidi. Mwanamke wa pwani hufunga leso nyumbani na fundo linakaa palepale juu ya kitovu, na akitoka anavaa suruali ya kubana ambayo mshipi wake uko palepale pia. Kila akiinama anakitonesha. Nimewashauri wafunge leso kifuani kwa mwaka mzima ule, wengine wakakubali.

Halafu kuna keloidi. Ngozi nyeusi ina mwelekeo huo kuliko nyeupe, na katika familia nyingine ni urithi. Kovu halikomi kwenye mipaka ya jeraha, linaendelea kukua hadi likawa kubwa kuliko kichwa cha hereni, kisha kuliko ndewe yenyewe. Kijana mmoja alinijia amekatwa keloidi mara mbili mahali fulani na kila mara ikirudi kubwa zaidi, na amezoea kuvaa kofia iliyoshuka masikioni katika joto la Februari. Kukata peke yake hurudisha keloidi. Matibabu yanayosaidia ni sindano za steroidi ndani ya kovu, kwa awamu, pengine pamoja na kukata na kubana kwa hereni maalumu, chini ya daktari wa ngozi. Wanaotogwa wakiwa wadogo hupata tatizo hili kwa nadra kuliko wanaotogwa baada ya kubalehe, na hapo akina bibi walikuwa na busara kuliko sisi. Mzazi mwenye keloidi, au mtu ambaye kovu lake la chanjo limeinuka na kukua, ajiulize sana kabla ya kumpa mtu sikio lake.

Nimekwenda saluni kadhaa za Ukunda kuzungumza na wenye kutoboa. Sikwenda kugombana nao. Ni vijana wanaotafuta riziki, na wengi wao hakuna aliyewafundisha. Nilichowaomba ni kidogo: wachukue namba ya mteja, wampigie siku ya tatu, wamwambie arudi wiki ya pili awaonyeshe, na wasitoboe gegedu kwa bunduki. Mmoja alinijibu kwamba mteja akirudi atataka kurudishiwa pesa. Nikamwambia mteja aliyeuguzwa vizuri ataleta dada zake. Mwingine, mwanamke mtaratibu mwenye duka dogo la kusuka, sasa ana daftari. Linaandikwa jina, siku, sehemu iliyotobolewa, na nafasi tatu tupu za kutia alama mteja anapopita kuangaliwa. Akiona asichokielewa hunipigia simu. Nadhani serikali ya kaunti inapompa mtu leseni ya saluni ya kutoboa inafaa iulizie daftari kama lile kabla ya kuulizia rangi ya ukuta, na nitaendelea kusema hivyo kila nitakapopewa nafasi.

Mwaka uleule wa sikio la yule binti wa mapokezi, mdogo wake aliposwa. Akanijia akitaka kipini cha pua, harusi iko mfunguo mosi, zimebaki wiki chache. Picha alizokuwa amezihifadhi zilikuwa za maharusi wa Lamu na Unguja, na kipini kilimpendeza kwelikweli kwenye uso ule. Nilimwambia pua mbichi haiwezani na vipodozi vya harusi, singo, udi, na mashangazi wote watakaotaka kumbusu shavuni. Alinuna. Kisha akakubali kuvaa kipini cha kubana siku ile, na hakuna aliyekitambua ila mama yake.

Fungate ilipokwisha tulimpeleka kwa yule mwanamke mwenye daftari. Mumewe aliingia naye, akasimama karibu na mlango akisikiliza maelekezo yote, akauliza chumvi iwe kiasi gani na kama maji ya jana yanaweza kupashwa moto tena. Hayawezi, ni lazima yawe mapya. Sasa ni mwezi wa tatu. Anayechemsha maji asubuhi kabla ya kwenda kazini ni yeye, na mkewe ameniuliza mara kadhaa kama anaweza kubadilisha kile chuma cha kwanza avae cha dhahabu alichopewa na mama mkwe. Nimemwambia tukiangalie tena mwezi wa sita.